Kasoro za Uchapaji kwenye Stempu za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayerithi albamu ya stempu huanza karibu kila mara na swali hili: "Hii ina doa hapa pembeni, je, ni ya thamani?" Mimi pia nilianzia hapo. Miaka ya kuinamia meza na lenzi mkononi imenibadilishia swali, na sasa najiuliza kwanza: doa hili lilizaliwa wapi? Kwenye bamba la kuchapia, kwenye mtambo, kwenye karatasi yenyewe, au ndani ya droo ya mtu miaka sitini baada ya mtambo kuzimwa? Ukishajua kuzaliwa kwake, mengi yaliyobaki hujijibu.

Kasoro ya uchapaji ni nini hasa?

Ni tofauti yoyote iliyoingia kwenye stempu tangu bamba lilipoanza kutengenezwa hadi karatasi ilipotobolewa na kutoka kiwandani. Kilichotokea baada ya hapo, iwe mkwaruzo, kufifia kwa jua, kutu ya unyevu au alama ya kalamu, ni uharibifu tu, hata kama unapendeza macho.

Ndani ya kasoro zenyewe wakusanyaji hutenganisha mambo matatu. Kuna kasoro ya bamba: bamba lina jeraha, kwa hiyo kila karatasi inayochapwa nalo hubeba jeraha hilo mahali palepale. Kuna ajali ya mtambo: vumbi liliingia, karatasi ikakunjika, wino ukapungua, kisha mambo yakarudi kama kawaida. Na kuna kosa lenyewe, pale fundi alipofanya jambo ambalo halikutakiwa kufanywa kabisa, kama kuchapa kwa rangi isiyo yake au kugeuza picha kichwa chini. Kosa ndilo linalotangazwa magazetini. Kasoro ya bamba ndiyo inayomfanya mtu akose usingizi kwa raha.

Nitajuaje kama kasoro ni ya kudumu au ya kupita?

Tafuta anwani yake. Kasoro ya kudumu ina makazi: iko kwenye stempu fulani ya mstari fulani, na hapo utaikuta kwenye kila karatasi nzima iliyochapwa na bamba hilo tangu lilipojeruhiwa. Ukipata stempu mbili kutoka vyanzo viwili tofauti, zenye mihuri ya miji miwili tofauti, zote zina alama ileile mahali palepale hadi unene wa unywele, huo ni ushahidi mzuri. Stempu moja peke yake haithibitishi kitu, hata kama doa lake ni kubwa kama kichwa cha sindano.

Uingereza iliturahisishia kazi bila kukusudia. Stempu ya kwanza ya dunia, ile nyeusi ya peni moja ya Mei 1840, ilichapwa katika karatasi za stempu 240, mistari 20 yenye stempu 12 kila mmoja. Ili kuwatatiza waghushi, kila stempu iliwekewa herufi mbili kwenye pembe za chini: ya kushoto ikionyesha mstari (A hadi T), ya kulia ikionyesha nafasi ndani ya mstari (A hadi L). Stempu yenye B na C ni ya tatu katika mstari wa pili, basi. Stempu inajitajia anwani yake yenyewe. Na kwa kuwa herufi hizo ziligongwa kwa mkono kwenye kila bamba, moja ikainama kidogo, nyingine ikasogea juu, wataalamu wanaweza kukuambia si nafasi tu bali hata bamba lipi kati ya yale 11.

Stempu nyingi hazina herufi za namna hiyo. Hapo unategemea vipande vikubwa: jozi, kundi la stempu nne, ukingo wa karatasi wenye namba ya bamba. Ndiyo maana mkusanyaji wa kasoro hapasui jozi ya zamani hata akilipwa.

Kwa nini kila mtu ananiambia nijue kwanza njia ya uchapaji?

Kwa sababu vyaelea vimeundwa, na jeraha lilelile huonekana kinyume kabisa kulingana na jinsi stempu ilivyoundwa.

Chukua mkwaruzo mmoja. Katika uchapaji wa kuchonga, mchoro umechimbwa ndani ya chuma. Wino hujaa kwenye mitaro, uso wa bamba unafutwa, kisha karatasi yenye unyevu inakandamizwa kwa nguvu ili ikanywe wino kutoka mitaroni. Mkwaruzo ni mtaro mpya. Utashika wino, na kwenye stempu utatokea kama mstari wa rangi mahali palipotakiwa kuwa peupe.

Sasa peleka mkwaruzo huohuo kwenye tipografia, ambako sehemu zinazochapa zimeinuka kama muhuri wa mpira. Ukikwaruza sehemu iliyoinuka, umeondoa chuma kilichotakiwa kubeba wino. Matokeo yake ni mstari mweupe, au fremu iliyokatika, au herufi iliyopoteza mguu.

Kwa hiyo mtu akiniletea stempu ya kuchonga yenye pengo jeupe na kusema "bamba limekwaruzwa," najua tayari kwamba maelezo hayo si sahihi. Pengo hilo huenda limetokana na unyuzi wa karatasi au uchafu uliokaa kati ya bamba na karatasi, au mtaro umechakaa hadi haushiki tena wino. Au mtu amekwangua kwa wembe. Hilo la mwisho hutokea zaidi ya mnavyodhani.

Basi nitatambuaje stempu yangu ilichapwa kwa njia gani?

Stempu ya kuchonga ina wino uliosimama juu ya karatasi. Iinamishe chini ya taa ya pembeni na utaona mistari ikitoa vivuli vidogo. Wengine hupitisha ukucha taratibu, ingawa mimi sipendi kugusa. Tipografia huacha ukingo mzito wa wino kuzunguka kila umbo, kwa sababu wino husukumwa pembeni na shinikizo, na mara nyingi mgongoni mwa stempu kuna mibonyeo hafifu inayofuata mchoro. Litografia, yaani uchapaji wa kutoka kwenye jiwe bapa, haina lolote kati ya hayo: wino umelala bapa, kingo ni laini, kila kitu kinaonekana kama kimepakwa. Fotogravuri, yaani uchapaji wa picha zilizochimbwa kwenye silinda kwa njia ya fotografia, iliyoingia kwenye stempu kuanzia Bavaria mwaka 1914, ina nukta ndogo za wavu kila mahali, hata pembezoni mwa herufi, ambazo kwa lenzi zinaonekana kama meno ya msumeno mdogo sana.

Chukua stempu za bei rahisi ambazo katalogi inakutajia njia yake, uzichunguze moja moja kwa jioni moja nzima. Hakuna maelezo ya maandishi yatakayokupa jicho hilo.

Mistari ya stempu yangu inaonekana maradufu. Ni chapa mbili?

Pengine siyo. Hapa ndipo watu wengi wanapojipotezea pesa, kwa hiyo niruhusu nijieleze.

Kwanza kuna mtelezo. Karatasi au bamba lilisogea kidogo wakati wa kuchapa, na mchoro wote ukapata kivuli upande mmoja: herufi zote zimevutwa kulia, fremu imevutwa kulia, jicho la mfalme limevutwa kulia. Urudufu wa namna hii, ulio sawa kila mahali na kuelekea upande mmoja, ni ajali ya mtambo isiyo na anwani.

Pili kuna chapa mbili za kweli, yaani karatasi ilipita mtamboni mara mbili. Unaona michoro miwili kamili, mara nyingi mmoja ukiwa hafifu kuliko mwingine, na haikukaa sambamba. Ni nadra.

Tatu, na hili ndilo linalonipendeza kuliko yote, kuna mchoro uliogandamizwa mara ya pili kwenye bamba lenyewe. Mabamba ya kuchonga ya karne ya 19 yalitengenezwa hivi: fundi alichonga mchoro kwenye kipande kimoja cha chuma, kikagandamizwa kwenye roli laini ambalo baadaye liligeuzwa gumu, kisha roli hilo likabingirishwa kwa nguvu kwenye bamba mara moja kwa kila stempu. Mara 240 kwa bamba moja la stempu ile nyeusi. Roli likikaa vibaya, au bamba likichakaa na mchoro kulazimika kuingizwa upya, mistari ya zamani hubaki chini ya mipya. Bamba la kwanza kabisa la stempu nyeusi lilichakaa upesi hivi kwamba lilitengenezwa upya, na leo katalogi hulihesabu kama mawili: 1a na 1b.

Dalili ya urudufu huu ni kwamba hauko kila mahali. Utakuta sehemu ya juu ya neno moja tu ina mstari wa pili, au pembe moja ya fremu, huku sehemu nyingine zote zikiwa safi. Mstari huo wa pili ni mkali kama wa kwanza, si kivuli. Na una anwani.

Nimeona kamba, nukta au mstari ambao picha ya katalogi haina. Ni kasoro au ni aina nyingine ya mchoro?

Wakati mwingine wachapaji waliurekebisha mchoro katikati ya maisha ya toleo, kwa hiyo stempu zote za baadaye ni tofauti na za mwanzo. Hiyo haiitwi kasoro. Katalogi huiita aina ya kwanza na aina ya pili. Mfano unaojulikana sana ni stempu za jahazi za toleo la 1935 la Kenya, Uganda na Tanganyika: kwenye aina moja kamba ya jahazi haigusi tanga, kwenye nyingine imeunganishwa nalo. Tofauti ni ndogo mno kwa jicho tupu, lakini ukishaiona mara moja huwezi tena kutoiona.

Mwaka huohuo ulitupa kasoro halisi za bamba zilizo maarufu kuliko karibu zote. Toleo la jubilei ya fedha ya mfalme George wa Tano lilitolewa kwa makoloni mengi kwa mchoro mmoja, kasri la Windsor likiwa katikati. Bamba moja la kasri lilichapia stempu za makoloni kadhaa. Jina la koloni ndilo lililobadilishwa. Bamba lilipopata mstari wa ziada karibu na nguzo ya bendera, nguzo hiyo ya pili ikajitokeza kwenye stempu za nchi zilizo mbalimbali duniani, mahali palepale. Wakusanyaji huiita "nguzo ya ziada ya bendera," na kuna watu ambao hawakusanyi kitu kingine.

Kasoro ileile imejirudia kwenye stempu kadhaa za karatasi moja. Inawezekanaje?

Hiyo ni litografia karibu kwa hakika. Kwenye litografia mchoro wa asili ulinakiliwa kwanza kuwa kundi dogo, tuseme stempu 10 au 60, kisha kundi hilo likanakiliwa tena na tena hadi jiwe likajaa. Kasoro iliyoingia wakati wa kutengeneza kundi dogo hujirudia kila kundi linapojirudia. Iliyoingia baadaye kwenye jiwe hutokea mara moja tu kwa karatasi. Ukiwa na kipande kikubwa cha kutosha unaweza kusoma historia ya jiwe lote kwa kuhesabu nafasi kati ya kasoro moja na pacha wake.

Rangi ya stempu yangu hailingani na katalogi. Nimepata kosa la rangi?

Tuliza moyo kwanza. Kosa la kweli la rangi lipo, na lina sababu inayoeleweka. Kwenye mabamba yaliyopangwa kwa vipande vidogo, klishe moja kwa kila stempu, klishe iliyoharibika ilibadilishwa. Fundi akichukua klishe ya thamani nyingine kwa bahati mbaya, unapata stempu yenye maandishi ya thamani moja na rangi ya thamani nyingine. Hivyo ndivyo inavyoaminika ilizaliwa ile ya Uswidi ya 1855 ya skilling 3, ambayo ilipaswa kuwa ya kijani lakini ikatoka ya njano kama ya skilling 8. Inajulikana moja tu duniani. Stempu za pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema za 1861 zilipatwa na balaa hilohilo pande zote mbili: peni moja ikatoka ya buluu na peni nne ikatoka nyekundu, kwa sababu klishe zilibadilishana makazi. (Zinaitwa "za mbao," lakini hazikuchongwa kwenye mbao; ni klishe za chuma zilizowekwa juu ya vipande vya mbao. Jina limeganda, basi.)

Ila kwa kila kosa la kweli kuna maelfu ya stempu zilizobadilishwa na maisha. Kijani kina buluu na njano ndani yake, jua likila njano, unabaki na stempu ya "buluu isiyojulikana." Rangi za chungwa zenye madini ya risasi hugeuka kahawia, hata nyeusi, zikikaa kwenye hewa yenye salfa. Kemikali za jikoni zinaweza kufanya mengine yote. Chunguza sehemu iliyofichwa chini ya kikaratasi chenye gundi cha kubandikia stempu kwenye albamu: kama pale rangi ni ya kawaida na penginepo siyo, umepata jibu.

Na picha iliyogeuka kichwa chini?

Stempu za rangi mbili zilipita mtamboni mara mbili. Karatasi ikigeuzwa kati ya rangi ya kwanza na ya pili, katikati na fremu vinatazamana kinyume. Maarufu kuliko zote ni ile ya Marekani ya senti 24 ya mwaka 1918, ndege ya buluu ikiruka chali ndani ya fremu nyekundu. Karatasi moja tu ya stempu 100 ndiyo iliyotoka mikononi mwa posta, ikanunuliwa Washington tarehe 14 Mei 1918 na William Robey.

Usikubali kila unachoambiwa kuhusu kipi kimegeuka. Stempu ya Australia Magharibi ya peni nne ya miaka ya 1850 inaitwa "bata maji aliyegeuka," na bata maji wa watu amesimama wima kabisa. Fremu ndiyo iliyopinduka, huko kwenye maandalizi ya jiwe la litografia.

Kuna pia kisa cha mwaka 1962 ambacho huwachekesha wengine na kuwaliza wengine. Marekani ilitoa stempu ya senti 4 ya kumbukumbu ya Dag Hammarskjöld, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, na baadhi zikatoka na rangi ya njano imegeuka. Mara tu habari zilipovuja, mkuu wa posta aliamuru kosa lichapwe makusudi, nakala milioni 40. Waliokuwa wameanza kuhesabu utajiri walirudi kazini Jumatatu kama sisi wengine.

Herufi imekosekana au neno limekosewa. Niamini?

Amini baada ya kujua njia ya uchapaji. Kwenye stempu za Uingereza za peni moja na nusu za George wa Tano, herufi ya mwisho ya neno PENCE ilipoteza mkono wake wa chini kwenye nafasi fulani, ikasomeka PENCF. Kasoro safi ya bamba, yenye anwani, iliyoorodheshwa. Kwenye stempu nyekundu ya peni moja iliyofuata ile nyeusi, fundi wa bamba la 77 alisahau kugonga herufi A ya nafasi ya kwanza ya mstari wa pili, kwa hiyo pembe ya kulia ikabaki tupu. Huo ndio uzuri wa herufi: ukijua kwamba inapaswa kuwa BA, unajua mara moja pengo lolote la uongo linapokaa pasipo pake.

Neno "kosa" nalo linatumiwa ovyo. Stempu za Mauritius za 1847 zenye maandishi "Post Office" zimesimuliwa kwa zaidi ya karne kama kosa la mchongaji Joseph Barnard, eti alisahau alichoagizwa. Simulizi ni tamu, lakini utafiti wa baadaye haukuliunga mkono. Maneno hayo yalikuwa ya kawaida kwenye mihuri ya wakati ule. Stempu ni adimu kwelikweli. Kosa lake ndilo halipo.

Vipi kuhusu maandishi yaliyochapwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa?

Chapa ya juu ni shamba la kasoro na shamba la matapeli kwa wakati mmoja. Mara nyingi ilifanywa kwa haraka, kwenye viwanda vidogo, kwa herufi za risasi zilizopangwa kwa mkono moja moja. Herufi zilipungua, fundi akaazima ya ukubwa mwingine. Nukta ilianguka. "n" iliwekwa chali ikasomeka "u." Karatasi iliingizwa kinyume na chapa yote ikageuka. Hayo yote ni halisi na yana nafasi zinazojulikana ndani ya mpangilio.

Tatizo ni kwamba stempu ya chini ni halali na rahisi, na maandishi machache meusi ndiyo yanayoipandisha. Hakuna kitu kilicho rahisi kughushi zaidi ya hicho. Angalia kama wino wa chapa uko juu ya muhuri wa posta au chini yake. Ukiona chapa ya juu imepita juu ya muhuri, ina maana stempu ilitumika kabla ya kuchapwa. Weka chini.

Nimeona duara dogo jeupe lenye nukta katikati.

Vumbi kwenye litografia. Chembe ilibeba wino katikati na kuuzuia pembeni. Hudumu kwa karatasi chache, kisha chembe hudondoka. Nzuri kuwa nayo, si ya kutangaza.

Na mstari mwembamba ulionyooka unaovuka stempu kadhaa?

Kwenye fotogravuri, kisu cha kufuta wino kimenasa punje ya uchafu, kikaacha mstari upande ambao silinda ilizunguka. Kwenye uchapaji wa kuchonga, mstari ulionyooka ni mkwaruzo. Lakini ukiona mstari unaopinda kama mpasuko wa ukuta wa udongo, unaovuka pambizo kati ya stempu na stempu, huenda bamba limepasuka. Hiyo inafurahisha zaidi, kwa sababu ufa hukua. Wanaopata bahati hukusanya stempu za nafasi moja kutoka tarehe tofauti za mihuri na kuupanga ufa ukirefuka hatua kwa hatua.

Nyuma ya stempu kuna picha. Imechapwa pande mbili?

Isome. Kama maandishi yamegeuka kama kwenye kioo, wino mbichi wa karatasi nyingine umeambukiza mgongo, au karatasi ilikosekana mtamboni na picha ikaachwa kwenye roli, ikapokelewa na karatasi iliyofuata. Kama maandishi yanasomeka sawasawa, hapo kweli stempu ilichapwa mgongoni, na una haki ya kusisimka.

Matundu yamekata ndani ya mchoro. Je, hiyo nayo?

Ni ajali ya kutoboa, si ya kuchapa. Kusogea kidogo ni jambo la kila siku kwenye stempu za zamani na hupunguza thamani badala ya kuiongeza. Kukosekana kabisa kwa matundu ni habari nyingine, lakini lazima uwe na jozi. Stempu moja isiyo na matundu inaweza kutengenezwa na yeyote mwenye mkasi na stempu yenye pambizo pana.

Nahitaji vifaa gani?

Lenzi ya kukuza mara 10, kibano chenye ncha bapa, taa inayoweza kusogezwa pembeni, na skana ya nukta 1200 kwa inchi. Skana ndiyo iliyobadilisha mchezo: unaweka picha mbili juu ya nyingine kwenye kompyuta, unazibadilisha haraka haraka, na chochote kilicho tofauti kinaruka machoni. Taa ya urujuanimno si ya kutafutia kasoro bali ya kuwaumbua warekebishaji, kwa kuwa rangi iliyopakwa baadaye na karatasi iliyobandikwa hung'aa tofauti. Usiamini picha zilizobanwa za mitandaoni. Nimewahi kufukuza "mstari mweupe" kwa wiki mbili nikagundua umetengenezwa na programu ya kubana picha.

Naweza kuiosha kwanza ili nione vizuri?

Usiioshe kabla ya kujua ni toleo gani. Stempu za Uingereza za 1883 na 1884, zile za zambarau na kijani, zilichapwa makusudi kwa wino unaoyeyuka kwenye maji ili watu wasifute mihuri na kuzitumia tena. Zikiingia kwenye bakuli zinatoka mizimu.

Waghushi wanajua haya yote?

Wanajua kuliko sisi. Jean de Sperati alikuwa akichukua stempu halali za bei ndogo, anaufuta mchoro kwa kemikali, kisha anachapa stempu ghali juu ya karatasi hiyohiyo, ikiwa na alama ya maji (mchoro hafifu ulio ndani ya karatasi) ya kweli, matundu ya kweli, wakati mwingine hata muhuri wa kweli. Aliponzwa na kitu kilekile tunachokitafuta: nakala zake zilitokana na stempu moja halisi, zikabeba kasoro ndogo za stempu ile, pamoja na zilizoingia alipokuwa akiinakili. Kila nakala ina nukta zilezile. Kasoro yenye anwani ikitokea kwenye stempu zinazodai kutoka nafasi tofauti za karatasi, kuna anayekudanganya.

Basi, ina thamani au haina?

Inategemea kama kuna mwingine anayeitafuta, na mara nyingi katalogi ndiyo inayoamua hilo. Kasoro iliyoorodheshwa kwenye katalogi ya jumla ina soko. Iliyoorodheshwa kwenye katalogi maalumu tu ina soko dogo lenye watu wakali. Isiyoorodheshwa popote inaweza kuwa ugunduzi wako au kinyesi cha nzi. Wenzetu wasiopenda fani hii husema hatuwezi kutofautisha, na siku nyingine hawajakosea sana. Stempu yangu ya kwanza "adimu," yenye kovu shavuni mwa malkia, ilikuwa na unyuzi wa karatasi uliochapwa kisha ukang'oka. Ninayo bado.

Kwa kosa kubwa, usiuze wala kununua bila cheti cha kamati ya wataalamu, kama ile ya chama cha kifalme cha stempu cha London kilichoanzishwa 1869. Cheti hakiongezi uzuri wa stempu, lakini mnunuzi wa maana atakiulizia kabla hajauliza bei.

Nimepata kitu. Nikiandikeje?

Andika nchi, mwaka, thamani, njia ya uchapaji, alama ya maji na kipimo cha matundu. Kisha eleza kasoro kwa mwelekeo wa saa au kwa milimita kutoka fremu: "mstari wa rangi wa milimita 2 kutoka herufi ya tatu ya jina la nchi kwenda juu kulia." Taja tarehe ya muhuri kama inasomeka, kwa sababu inaonyesha jeraha lilikuwepo siku gani. Piga picha ya stempu nzima pamoja na ya karibu. Ukishaweka kwenye bahasha yake, andika nje "ya kwanza," na uache nafasi ya "ya pili." Mimi nina bahasha moja ambayo imesubiri ya pili tangu 1998.